Moshi wa malori na kifua cha mtoto

SWALI: Nina kibanda cha chai na mandazi hapa Salgaa, hatua kama kumi kutoka malori yanapoegeshwa, na mengine hulala yakinguruma. Nikipangusa meza jioni, kitambaa kinatoka cheusi. Kijana wangu wa miaka sita ana pumu na akitoka shule huwa nami hapa. Je, barakoa ya kitambaa itamfaa? Na yale malori mapya yasiyotoa moshi mweusi, hayo hayana neno? – Mama wa Watatu, Salgaa.

JIBU: Mama, masizi yanayotua mezani ndiyo nafuu. Chembe nyingi za moshi wa dizeli hazifiki hata maikromita moja, ilhali unywele una unene wa takriban 70. Pua haizinasi. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, baadhi zikapenya kwenye damu, ndiyo maana madhara hufika hadi kwenye moyo na kuleta kiharusi. Mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi huu katika kundi moja na tumbaku. Kwa mwenye pumu kuna pia naitrojeni dioksidi, gesi inayowasha njia za hewa hadi zinavimba na kifua kuanza kupiga filimbi.

Kitambaa hakizuii chembe hizo. Barakoa ya kuchuja ya N95 huzizuia ikibana usoni sawasawa, lakini gesi hupita, na haikushonwa kwa uso wa mtoto.

Malori mapya? Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia: kichungi cha hewa kimeziba, nozo zimechoka, au fundi ameongeza dizeli kwenye pampu ili lori lipande mlima wa Sachangwan bila kulia. Lisilotoa moshi ni afadhali, ila gesi hiyo na chembe ndogo hazionekani kwa macho.

Dawa kubwa ni umbali. Kufikia mita 150 hadi 200 kutoka barabarani sehemu kubwa ya moshi imeshatawanyika, kwa hiyo mtoto akishinda kwa jirani wa nyuma huko utakuwa umemsaidia kuliko barakoa yoyote. Jioni za baridi zisizo na upepo ndizo mbaya zaidi, moshi hutuama chini. Geuza mlango wa kibanda usiyatazame malori. (Na jiko la makaa ulitoe nje, nalo halina huruma.)

Inhela mpe kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liukamate barabara mdomo wa inhela. Osha kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, la sivyo dawa hunata kwenye plastiki. Tikisa inhela, mtoto ashike mdomo wa chupa kwa midomo, bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita taratibu, ndipo ubonyeze tena, kwa idadi aliyoandikiwa. Mbavu zikizama anapohema, au akishindwa kumaliza sentensi, usingoje asubuhi: mkimbize hospitali, ukiendelea kumpa inhela njiani.