Kukanyaga ngazi, kukanyaga haki

SWALI: Asalaam aleikum, mwalimu. Nafundisha Kiswahili hapa Lamu. Mwanafunzi wangu ameandika katika insha: “Juma alikanyaga ngazi kwa hasira mpaka nyumba ikatetemeka.” Mwenzangu amemkata alama, ati kukanyaga hakuna maana hiyo. Akakata pia “kukanyaga haki za wavuvi”, akidai ni Kizungu kilichovishwa kanzu. Naomba utuamue.

JIBU: Waaleikum salaam. Mwenzio amepata kwenye ngazi, amekosa kwenye haki.

Kukanyaga ni kuweka wayo juu ya kitu, basi. Kelele hazimo, wala uzito haumo. Juma hukanyaga ngazi hata siku anayopanda kwa kunyata asimwamshe babake. Hasira yake yataka neno jingine: “alipanda ngazi kwa vishindo”. Katika nyumba zenu za ghorofa, walio chini wakimsikia wa juu hulalamikia vishindo vyake. Angekuwa amesimama pahali pamoja, ningesema “alipiga miguu chini”.

Ukitaka uzito utoke ndani ya kitenzi chenyewe, kirudufu. Punda aliyepita kando ya tuta amekanyaga mchicha. Punda watatu waliolala humo wameukanyagakanyaga, na hapo hakuna cha kuvuna. Kamusini yumo pia kuvyoga, ambaye siku hizi hasikiki sana, na kusigina, ambaye waandishi wa Tanzania hawamchoki: Katiba kwao husiginwa kila uchaguzi.

Sasa haki. Kumfananisha mnyonge na kitu kilicho chini ya mguu hakukumngoja Mzungu. Kukandamiza nako kwatokana na kubana kitu kwa uzito. (Ingawa kuwa chini ya mguu si dharau kila mara: pepo tunaambiwa iko chini ya nyayo za mama.) Haki hukanyagwa, na kijana wa Lamu ana sababu ya kuliandika hilo, maana mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwaamulia wavuvi wa huko fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya ujenzi wa bandari. Mrudishie alama yake. Mimi mwenyewe ningeandika “wavuvi wamedhulumiwa haki zao”, kwa kuwa kudhulumu humtaja mtu kwanza, kisha alichonyang'anywa. Lakini hilo ni pendeleo langu, si kanuni.

Kama mwenzio anatafuta Kizungu, akitafute hapa: “Umeukanyaga mguu wangu.” Sentensi hii naikuta sana kwenye tafsiri. Mswahili aliyeumia kwenye foleni hulia, “Umenikanyaga mguu!” Aliyekanyagwa ni mimi, mguu wafuata nyuma kuonyesha pahali. Ndivyo ilivyo pia kwa umenivunja mkono na umenishika nywele.

Matumizi mengine nitayapitia upesi. “Tangu ile arusi hajakanyaga kwetu” maana yake hajafika kabisa, na aghalabu hukaa katika ukanushi. Mkanyagano ni ule wa watu kukimbilia mlango mmoja. Bara mtasikia “amekanyaga miwaya”, yaani ameambukizwa Ukimwi. Ni msemo wa kejeli, usiuruhusu darasani.

Halafu kuna la barabarani. Abiria wa Malindi aliyechelewa humwambia dereva “Kanyaga!” bila kutaja kinachokanyagwa, na gari huongeza mwendo, maana kinachoeleweka ni mafuta. Breki nayo iko pale pale chini, yakanyagwa kwa mguu ule ule, lakini tunasema kushika breki au kufunga breki. Nadhani ni kwa sababu baiskeli ilituzoeza kwanza, na breki yake ilikuwa mkononi.