Mbona mji wa paella umenilisha kiporo?

SWALI: Shikamoo Bi Mpishi. Mwezi uliopita nilikuwa Valencia, Hispania, siku mbili tu. Nikasema siondoki bila kula paella, ule wali wao maarufu, kwao ilikozaliwa. Usiku wa kwanza nikaingia mgahawa mmoja karibu na kanisa kuu, nikaagiza ya mtu mmoja. Dakika tano haijafika, sahani hii hapa: wali wa njano kama rangi ya ukuta, umeshikana, kamba watatu na vipande vya soseji juu. Kesho yake mchana mwenyeji wangu akanipeleka kwingine, nikala hadi nikajilamba vidole. Mji mmoja, chakula kimoja, inakuwaje?
Msafiri

JIBU: Marahaba mwanangu. Ungeinuka hapo hapo kwenye dakika tano. Mchele wenyewe ukishamwagwa kwenye supu unataka kama dakika 18, na kabla yake kuku na sungura wamekaangwa polepole, maharage mabichi na nyanya vimefuata, maji yamechemka hadi yakawa supu. Ulicholetewa ni kiporo, au kimetoka kwenye friza.

Halafu ulikwenda usiku, peke yako. Paella kwa Wavalencia ni chakula cha mchana, na wapishi wao wengi hawawashi moto kwa chini ya watu wawili. Jina lenyewe ni la kile kikaango kipana, kifupi. Wali hutandazwa mwembamba, haukorogwi, hadi chini ushike ukoko. Wao huuita socarrat, na huugombania kama watoto.

Mimi nimepika miaka mingi kwenye mgahawa ulioshushiwa watalii kwa mabasi. Wali tulikuwa tunaupika alfajiri, rangi tunatia ya unga kwa sababu zafarani ni ghali, saa saba tunapasha. Niliona haya, nikamwambia bosi. Akacheka: "Kesho hawapo." Hesabu yake ilikuwa sahihi, ndiyo maana naichukia hadi leo. Mji ukishapata sifa, ile sifa ndiyo inayoleta wateja mlangoni, mpishi hahitaji tena kuwaita kwa mkono wake. Wa mtaa wa nyuma, anayelisha majirani wale wale kila Jumapili, akiharibu mara mbili amekwisha.

Mwaka 2021 serikali ya jimbo iliitangaza paella ya Valencia kuwa urithi wa utamaduni. Vizuri, ila sijaona bado tangazo likiingia jikoni kuangalia friza.

Ukirudi, nenda mchana na mwenzako, uulize kwanza itachukua muda gani. Wakikujibu "sasa hivi", aga. Ukiona nje ubao wa picha za paella, na mgahawa wa jirani una picha zile zile, pita. Ukiwa na nafasi shuka El Palmar, kijiji kilicho kando ya ziwa la Albufera, mashamba ya mpunga yanakizunguka.

Ila hukuniambia: ile ya kesho yake, ukoko ulikuwepo, au mwenyeji wako aliuwahi?