Mizani Iache Kwenye Begi Kwanza: Kwa Mnaoanza Kazi ya Lishe Moshi

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikwenda kwenye kikundi cha vikoba pale Pasua nikiwa na mizani mpya ya kidijitali, futi ya fundi cherehani na daftari. Akina mama kama ishirini na tano walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakisubiri kuweka hisa. Nikawapanga foleni, nikaanza kupima, na kwa kuwa mwenzangu wa kuandika alikaa mbali kidogo, nikawa nasoma namba kwa sauti. Akapanda mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Nikasema, "Tisini na nne nukta sita!" Kikundi kikaangua kicheko. Mtu akadakia kutoka nyuma, "Fuso hilo!" Yule mama alicheka pamoja nao, akavaa ndala zake, akachukua mkoba wake, akaondoka hata hisa hakuweka. Kwa miezi mingi pale sokoni aliitwa Fuso, na jina hilo nililileta mimi na mizani yangu.

Nawaandikia ninyi mnaopangiwa huku mwaka huu: maafisa lishe, wauguzi wa kliniki za sukari na presha, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kukokotoa mnajua. Kilo ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.58 anapata karibu 33, na kuanzia 30 kwenye ripoti tunaandika kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Neno hilo libaki kwenye ripoti. Ukimtamkia mtu mzima usoni kwake kwamba ana kiribatumbo, hata kama umetanguliza shikamoo, umemtukana.

Kabla ya kumpunguza mtu kilo, jua zile kilo zinasema nini mtaani kwake. Hapa kwetu mtu akirudi kutoka Dar amejaa mashavu anaambiwa amenawiri, mambo yake yamemnyookea. Akirudi amepungua anaulizwa, "Mbona umeisha hivyo, unaumwa?" Na swali hilo lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata Kilimanjaro nako tulizika sana. Aliyewauguza ndugu zake enzi zile, kabla dawa hazijafika, anaujua mwili unaokonda unaishia wapi. Sasa wewe umemaliza chuo juzi, unamwambia bintiye apunguze kilo saba. Anachosikia mama ni kwamba mtoto wake ataonekana kama wale.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza si "una kilo ngapi". Nauliza, "Ukipungua, nani atakuwa wa kwanza kukuuliza?" Majibu yake yamenifundisha kuliko semina. Mmoja alisema mama mkwe. Mwingine, mama ntilie wa stendi, alisema wateja: nani atakula kwa mpishi aliyekonda? Mwingine alisema mume wake, maana wenzake watamwambia hamlishi mkewe. Ukishalijua jina la huyo muulizaji, nusu ya kazi umeimaliza, kwa sababu kinachobaki ni kumtafutia mteja wako jibu la kumpa. "Daktari amesema magoti yangu hayahimili" ni jibu zuri, halimwaibishi mtu wala halizui maswali. "Presha ilipanda" nalo linakubalika. "Nafanya dayati" halifai, labda kwa mabinti wa chuo.

Kuhusu uzazi, msije mkapigana na mtori. Nimewaona vijana wanaingia Kibosho au Uru wakitangaza kwamba mama aliyejifungua anapewa vyakula vya mafuta kupita kiasi. Mtori ni ndizi na nyama, na mama anayenyonyesha anahitaji kula. Shida huja baadaye: miezi ya uzazi imekwisha, mama ameshuka mjini kwenye duka lake la nguo ambako anakaa kutwa nzima, lakini bakuli limebaki lilelile na soda imeongezwa juu yake. Hapo ongea na bibi aliyeshika mwiko. Usimwite kwenye mkutano. Nenda kwake, msalimie "shimbonyi", kaa jikoni, mmenyee hata ndizi mbili. Huyo ndiye afisa lishe wa ile nyumba tangu kabla hujazaliwa.

Sasa niwape zana ambayo sijaona ikishindwa, na haihitaji umeme wala bango. Uliza: "Kwako lita moja ya mafuta ya kula inakaa siku ngapi, na mnakula wangapi?" Hakuna mama asiyejua jibu, kwa sababu mafuta ni hela. Usiulize "unatumia mafuta mengi?" Wote watasema hapana.

Siku moja kikundi cha Njoro, mama mmoja alijibu siku nne, watu watano. Nikamwomba asihesabu kichwani, afanye. Tulikuwa na chupa tupu ya maji ya lita moja, tukaijaza maji, tukayagawa kwenye vikombe ishirini: watu watano mara siku nne. Kisha akachukua kikombe kimoja, akayachota yale maji kwa kijiko cha chakula, kimoja kimoja, wenzake wakihesabu. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kikombe bado kina maji. Mililita 50 kwa mtu kwa siku. Akakiinua kikombe akakitazama, akasema, "Hiki nakunywa mimi kila siku?" Mimi sikusema lolote. Baadaye ndipo nilipowaambia kwamba kikombe kile kikiwa na mafuta kina kalori kama 400, karibu sawa na sahani ya wali mweupe, na kwamba lita nzima inapita kalori 8,000. Wiki mbili baadaye waliniambia wenyewe wameacha kumimina kutoka kwenye kidumu, wanapima kwa kijiko. Mmoja alisema mchicha wake sasa hauogelei.

Kwenye sukari fanya hivyohivyo kwa kijiko cha chai, lakini angalia kijiko chenyewe. Vitabu vinahesabu gramu 4 kwa kijiko kilichosawazishwa. Kijiko cha kwetu kina mlima juu yake, hukaribia mara mbili. Soda ya mililita 350 ina gramu kama 37, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya chai ya maziwa yenye vijiko vya mlima, na soda moja ya kumtoa mgeni, hesabu imeshavuka.

Lile bango la sahani iliyogawanywa, nusu mboga, robo wanga, robo nyama au maharage, linafanya kazi kwa anayekula kwenye sahani. Kuna nyumba nyingi Majengo na Kiusa ambako wanazunguka sinia moja, na huwezi kumwambia mtu agawe sinia analokula na shemeji zake. Huko ongea habari za sufuria: wali upungue kikombe kimoja cha mchele, mchicha au mnafu uongezwe fungu. Mwezi wa Ramadhani usitoe somo la mlo saa tisa alasiri. Nimelifanya hilo kosa, nikawasomea watu waliofunga orodha ya futari mpaka mzee mmoja akaniomba kwa upole nirudi baada ya Isha.

Tena, msipime watu wote kwa mstari mmoja. Kwa familia zenye asili ya India, ambazo Moshi na Arusha ziko vizazi na vizazi, kisukari huja kwenye mwili ambao kwa macho yetu ni mwembamba. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliongeza, kwenye ile hesabu ya kilo na urefu, ngazi za tahadhari za 23 na 27.5 kwa watu wa Asia, pamoja na zile za kawaida za 25 na 30. Huko futi ya kiuno inasema ukweli zaidi kuliko mizani: sentimita 90 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke. Na wengi hawali nyama kabisa, kwa hiyo usianze na hotuba ya nyama nyekundu. Zungumzia samli, vya kukaanga na vitamu vya sikukuu.

Wamaasai ni habari nyingine, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. George Mann na wenzake waliwachunguza Wamaasai wa Tanganyika miaka ya 1960 wakakuta watu wa nyama na maziwa wenye lehemu (kolesteroli) ndogo kwenye damu. Mann mwenyewe aliona siri mojawapo ni kule kutembea. Sasa mtazame kijana yuleyule aliyekuja Arusha kulinda geti Njiro. Maziwa yamekatika, kutembea kumekatika, usiku kucha amekaa kwenye kiti cha plastiki na chipsi mayai. Huyo usimwambie aache chakula cha asili. Mwambie akirudie, pamoja na kutembea kwake. Na ukimpima, mwombe kwanza aweke chini rungu na sime. Mimi nilishamwandikia mtu kilo za rungu.

Mazoezi nitayapita haraka. Mama wa Old Moshi anayepanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani usimfundishe mazoezi. Wa mjini mwambie ashuke daladala vituo viwili kabla. Kukimbia barabarani wengi wanaona aibu, isipokuwa majuma yale ya mbio za Kilimanjaro, ambapo Moshi nzima ina raba mpya.

Kuna swali moja mtaulizwa kila kikundi: "Si ni ile sindano ya uzazi wa mpango?" Msilikatae. Sindano ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na ukisema hapana, aliyeongezeka kilo sita mwaka jana hatakuamini tena hata ukimwambia maji yanachemka. Mpe ukweli, mweleze njia nyingine zipo, mpeleke kliniki. Vilevile, akija na chai ya kukata tumbo aliyonunua mtandaoni, mwambie nyingi zinaharisha tu. Kilo anayoiona imepungua ni maji, na jioni akinywa inarudi.

Lengo mnalotoa liwe dogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 3,000 ambao karibu nusu yao hawakuwa Wazungu, uliwawekea watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipata kisukari pungufu kwa asilimia 58 kuliko walioachwa na ushauri wa kawaida. Kwa yule mama wa Mbuyuni asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Ningemwambia hivyo pembeni, kwa sauti ya chini, huenda angebaki. Nilimfuata baadaye kibandani kwake kumwomba radhi. Akanifungia ndizi mbivu kwenye gazeti, akanisamehe, lakini kwenye mizani hajapanda tena.

Desemba msianze programu yoyote. Wachagga wanarudi nyumbani, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, na wewe mwenyewe utakaribishwa utakula. Anzeni katikati ya Januari, watu wakiwa wamelipa ada na mfuko umekaza. Wakati huo hata ushauri wa kupunguza mafuta unasikika vizuri.

La mwisho ni la kifundi. Mizani ya kidijitali kwenye udongo au mkeka inadanganya, inahitaji sakafu ngumu. Nina kibao cha mninga nilichochongesha kwa kazi hiyo, kiko nyuma ya mlango wa stoo ya ofisi. Atakayepangiwa Njoro akichukue, ila akirudishe, maana fundi aliyekichonga alishahamia Boma Ng'ombe.