Toy Story 2 Ilivyoponea Chupuchupu

Swali: Mhariri, ni kweli filamu ya katuni ya Toy Story 2 ilifutika ikiwa bado inatengenezwa? Sisi tunaotengeneza katuni tujilinde vipi?

Jibu: Ni kweli. Mwaka 1998, pale Pixar, studio iliyokuwa ikiitengeneza, amri ya kufuta ilianza kumeza mafaili ya wahusika na mandhari. Nakala za akiba zilikuwepo, ila hazikuwa nzima, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichookoa ni kompyuta yenye nakala ya filamu iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi wa filamu hiyo, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyookolewa iliachwa baadaye. Hadithi ilionekana dhaifu, ikasukwa upya na filamu kukamilishwa kwa takriban miezi tisa; baadhi ya wafanyakazi waliumia mikono kwa kazi mfululizo. Ilipotoka 1999 ilipata mapato makubwa kuliko ya kwanza, jambo adimu kwa mwendelezo, ikatwaa na tuzo ya Golden Globe.

Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kila mwezi rejesha onyesho moja kwenye kompyuta nyingine na urenda (uifanye kompyuta itoe picha kamili za) fremu chache: faili likifunguka bila rangi za mhusika, nakala hiyo ina kasoro. Ruhusa ya kufuta wape watu wawili tu.