Mrudishie Mwanao Mlango wa Bafu

Swali: Shangazi, kijana wetu ana miaka 16, ana usonji na kifafa. Mume wangu anamruhusu kwenda maktaba peke yake, na sasa anataka niurudishe mlango wa bafu niliouondoa kwa usalama wake. Je, baba wa namna hii anampenda mwanawe kweli? Mama Mwenye Hofu.

Jibu: Mama mwenzangu, hofu yako naielewa, kwani aliyewahi kumwona mwanawe akianguka na kutikisika halali tena usingizi wa zamani. Hata hivyo, barua yako ndefu nimeisoma mara mbili na sijaona alipokosea baba huyu. Umeandika mwenyewe kwamba siku ile ya maktaba alimfuata kijana kwa mbali hadi akafika, kwamba ndiye anayeandika daftarini muda wa kila kifafa, na kwamba kifafa cha mwisho, miezi saba iliyopita, kilikuja baada ya usiku ambao kijana hakulala kwa sababu ninyi wawili mlikuwa mkigombana. Uliyaandika hayo ili kumshtaki, nami nayaona yanamtetea.

Unasema kijana amekuwa mkaidi, anajiuma mkono kila unapoingia bafuni. Huo si ukaidi. Mwenye usonji anayekosa maneno kwa haraka husema kwa mwili, na anachokuambia ni kwamba amekua na anaona haya kuoga mbele ya mama yake.

Bafu lina hatari, hapo sikupingi, maana hata maji machache humzamisha aliyepoteza fahamu. Basi aoge chini ya bomba la mvua akiwa ameketi, asiingie kwenye maji yaliyojazwa. Mlango usiwe na komeo, ufungukie nje ili akianguka asiuzibe, na uwe na kibao cha kuonyesha kwamba kuna mtu ndani. Wewe kaa karibu kiasi cha kusikia kishindo.

Samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa miaka 16 asipofundishwa sasa kumeza dawa zake mwenyewe kutoka kwenye kisanduku cha siku saba, huku wewe ukihakiki tu, atajifunza lini? Kuruka dozi na kukosa usingizi huamsha kifafa. Safari ya maktaba haina kosa hilo. Mchoreeni njia kwa picha, iwe ile ile na saa ile ile, avae bangili yenye maelezo yake, na wahudumu wa maktaba waelezwe kwamba akianguka wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, wasimkandamize, watazame saa, na dakika 5 zikipita bila kifafa kukoma waite gari la wagonjwa. Kuogelea bila mwangalizi hapana, na hilo mwambie mumeo kwamba nimelikataa mimi.

Ndoa nyingi za siku hizi huchakaa kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa: mama hujitwika ulinzi wote, kila afanyacho baba huitwa uzembe, hadi baba anakuwa mgeni nyumbani kwake na mama anachoka peke yake. Mumeo bado hajachoka kushiriki. Mwombe radhi kwa neno “mzembe” uliloliandika mara tatu, kisha mwambie aupachike ule mlango, kijana akiwa pale amshikie bawaba.