Mkuu, usiiguse hiyo python3!

Mkuu, toa mkono kwenye kibodi kwanza. Umesema apt, ile programu ya kuweka na kutoa programu kwenye Ubuntu (mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows), inakugomea na "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Sawa. Ila huyo aliyekujibu eti futa kufuli (faili linalozuia kazi mbili za apt zisigongane) kwa rm, halafu piga `sudo apt remove -y python3` uitoe python3, lugha ya programu, uweke mpya, anakupeleka shimoni. Mimi nimeshalala humo.

Nina steshenari Sinza. Mashine ya kaunta ilikuwa Ubuntu 20.04, ndiyo ya kuchapa, ndiyo ya kuskani. Nikataka python mpya, nikafuata video ya jamaa anayejiamini kuliko mganga wa kwenye bango. Akasema ya zamani haina kazi, toa. Na -y kaiweka mwenyewe, mtu asipate hata nafasi ya kuulizwa. Majina yakapita mbio kwenye skrini: ubuntu-desktop (skrini nzima ya madirisha), gnome-terminal (dirisha la amri), netplan.io (mipangilio ya netiweki). Mimi nadhani inasafisha! Kuwasha upya, skrini nyeusi, neno login, kishale kinapepesa.

Wateja wamejaa, mwanachuo kashika flashi, ripoti yake inatakiwa asubuhi ileile. "Bosi, netiweki inasumbua?" Nikamwambia ndiyo. Ningesemaje?

Ni hivi: vitu kibao vya Ubuntu vinategemea python3. Ukiitoa, apt inatoa na kila kinachoitegemea. Haijakosea, imekutii. Jamaa wa video hilo hakuligusa, na nilipolalamika kwenye maoni akanijibu kwa emoji ya moto. Moto kweli.

Wi-Fi nayo ilikuwa imekwenda. Nikaingia kwenye ile login nyeusi, nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikaipa mashine intaneti kwa dhclient, amri ya kuomba anwani ya netiweki, kisha `sudo apt install ubuntu-desktop`. Bando la wiki likaliwa lote, na kaunta siku hiyo haikuingiza hata hela ya chai. Kinachouma zaidi, orodha ya vilivyotolewa niliikuta imeandikwa vizuri tu kwenye /var/log/apt/history.log. Jina kwa jina, na amri yangu juu yake.

Hilo kufuli lako mara nyingi ni unattended-upgrades inaweka apdeti za usalama kimyakimya. Iache imalize. Ukilifuta kufuli wakati dpkg, fundi anayefanya kazi chini ya apt, iko kazini, unaweza kuharibu kumbukumbu zake. Kama umeme ulikatika katikati ya kazi, piga `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Basi.

Ila hata kwenye hiyo ya pili, -y marufuku! Tanguliza -s: `apt -s --fix-broken install`. Hapo apt inaigiza tu, haigusi kitu. Tafuta palipoandikwa "The following packages will be REMOVED", usome lote. Ukiona ubuntu-desktop humo, au jina usilolijua, usiendelee. Mimi siku hizi hata kuondoa kijigemu naanza na -s, vijana wa dukani wananicheka, wacheke.

Hiyo ya -s ifanye sasa hivi, ubandike hapa matokeo tuyaone. Na wewe uliyeshauri remove -y, ianzie kwenye mashine yako, utuletee mrejesho ikiwaka.