Jibu: Manga ya safari na kumbukumbu, bila mapigano

Mkuu, umeuliza kama kuna manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ya kumbukumbu na miaka inavyopita, mtu anazunguka tu, bila mapanga kila ukurasa. Ipo. Tafuta Yokohama Kaidashi Kikō ya Hitoshi Ashinano, ilitoka kwenye jarida la Afternoon kuanzia 1994 hadi 2006, vitabu 14.

Mhusika ni Alpha, roboti mwenye sura ya binti, anayeendesha mgahawa mdogo wa kahawa rasi ya Miura, kusini mwa Yokohama. Mwenye mgahawa kasafiri, na haijulikani atarudi lini. Bahari imepanda, miji imezama, watu wamebaki wachache, na hakuna anayepiga kelele kuhusu hilo. Wateja wenyewe wa kuhesabu.

Kilichonikamata ni Takahiro. Mwanzoni ni mtoto wa jirani, anapakiwa nyuma ya skuta. Vitabu vinavyosonga anarefuka, anakuwa kijana, mwishowe anaondoka. Alpha yuko vilevile, hata mkunjo mmoja usoni hana. Mwandishi hakutajii imepita miaka mingapi; unaipima kwa kimo cha yule mtoto, kama tunavyopimana kwenye mwimo wa mlango.

Ila kama unapenda matukio utasinzia. Mimi kitabu cha kwanza nilikiacha nusu, nikakirudia baadaye sana. Usiisome kwa mkupuo, sura moja kabla ya kulala inatosha. Na ukifika pale kimbunga kinapobomoa mgahawa, Alpha akafunga virago kwenda kuzurura, hapo nenda taratibu zaidi.